Kijani Juu, Nyekundu Chini: Wairishi Wametufundisha Nini?

Poleni kwa ukimya wangu. Mwenzenu nilibanwa na maboksi, zamu za usiku zikafuatana mpaka nikasahau hata kupiga simu Tanga. Leo nimepata upenyo, na nina jambo limenikaa rohoni. Nataka niwasimulie habari za Mtakatifu Patrick, sikukuu ya Wairishi inayoangukia tarehe 17 Machi. Najua wengine mtasema, "Huyu naye, Mswahili wa Tanga na Wairishi wapi na wapi?" Subirini kidogo.

Mimi naishi Syracuse, jimbo la New York. Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba unakaa New York, anapata picha ya maghorofa yanayogusa mawingu. Hapana ndugu yangu. Kutoka hapa mpaka kwenye hayo maghorofa ni kama saa 4 kwa gari. Huu ni mji wa kati tu, wenye watu wapatao 148,000 kwa sensa ya mwaka 2020, na unasifika Marekani nzima kwa theluji. Viwanda vingi vilishafungwa. Kilichobaki ni chuo kikuu, hospitali, maghala, na sisi tunaobeba vilivyomo ndani ya maghala.

Basi upande wa magharibi wa mji huu kuna mtaa wa kilimani unaitwa Tipperary Hill. Pale kwenye makutano ya barabara za Tompkins na Milton kuna taa za kuongozea magari ambazo ukiziona mara ya kwanza utadhani fundi alilewa kazini. Kila mahali taa nyekundu huwa juu na ya kijani chini. Pale ya kijani iko juu, nyekundu iko chini! Taa zile zilipowekwa miaka ya 1920, vijana wa Kiirishi wa mtaa huo waliona ni matusi. Nyekundu ni rangi ya Mwingereza, kijani ni rangi ya Ireland, iweje Mwingereza akae juu yetu hata huku Marekani? Wakaipiga mawe ile nyekundu. Manispaa ikaweka nyingine, wakaipasua. Ikawekwa nyingine, ikapasuliwa. Mwisho wakubwa wa mji wakachoka, wakazigeuza taa, na zimegeuzwa hivyo mpaka leo. Mwaka 1997 wakajengewa na sanamu hapo hapo, baba, mama na watoto, na mtoto wa kiume ana manati mfukoni.

Nilipohadithiwa mara ya kwanza nilicheka sana. Nikasema hawa Wazungu hawana kazi za kufanya. Na kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyoichukulia sikukuu yao nzima. Nilichokiona mimi kilikuwa watu waliovaa makofia ya kijani kama vikaragosi, bia iliyotiwa rangi ya kijani, na vijana wa chuo wanatapika barabarani saa 5 asubuhi. Binti yangu alipokuwa darasa la pili alirudi nyumbani analia kwa sababu wenzake walimfinya mkono. Kosa lake? Hakuvaa kijani. Ndiyo desturi yao, asiyevaa kijani siku hiyo anafinywa. Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo sikukuu si yetu, waachie wenyewe."

Nikadhani nimemaliza.

Kilichonibadilisha ni mambo mawili. La kwanza lilitokea kazini mwaka 2024. Siku ya gwaride la Mtakatifu Patrick huwa ni Jumamosi, na Jumamosi hiyo mimi nilikuwa zamu. Ilikuwa Ramadhani, nimefunga, nasukuma mizigo. Nikatazama kushoto, hakuna mtu. Kulia, hakuna mtu. Nusu ya zamu hawakuja. Msimamizi wetu hakuuliza lolote, alicheka tu akasema leo ndiyo leo, hata yeye anaondoka mapema. Sawa. Haikupita hata mwezi nikaomba ruhusa ya Idi, iliyokuwa Jumatano tarehe 10 Aprili. Msimamizi yule yule akaniuliza kwa upole kabisa, "Hiyo ni sikukuu ya serikali?" Nikasema hapana. Akasema basi atashindwa kunisaidia, kazi ni nyingi. Niliswali Idi na kukimbilia kazini nikiwa na kanzu ndani ya begi.

Nilikasirika, lakini baadaye nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Kwani Mtakatifu Patrick ni sikukuu ya serikali hapa Syracuse? Nikatafuta. Si sikukuu ya serikali! Benki ziko wazi, posta iko wazi, shule ziko wazi. Hakuna sheria inayompa mtu ruhusa siku hiyo. Sasa mbona mji mzima unasimama?

La pili lilitokea Machi 2025. Nilikwenda kuliona gwaride kwa mara ya kwanza, nikiwa na jirani yangu, mzee mmoja Mkongo kutoka Kivu ya Kusini, aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa hapa. Sisi wote tunamwita Papa. Tulisimama barabara ya Salina, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa, na mbele yetu zinapita filimbi, ngoma, zimamoto, watoto wanaocheza ngoma yao ya miguu huku mikono imenyooka kama askari, na wazee wamebeba mabango yenye majina ya koo zao. Papa alitazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hii fete yabo, ni serikali ilibapatia?"

Nikamjibu, "Hapana Papa. Walijipa wenyewe."

Akatikisa kichwa, hakusema neno tena. Lakini jibu langu mwenyewe likanirudia usiku nikakosa usingizi. Walijipa wenyewe.

Ndugu wasomaji, hebu tuwatazame hawa watu vizuri. Kwanza huyo Patrick hakuwa Mwirishi. Alikuwa kijana wa Britania ya enzi za Warumi, akatekwa na maharamia akiwa na umri wa karibu miaka 16, akapelekwa Ireland kuwa mtumwa wa kuchunga mifugo. Alichunga miaka sita, akatoroka, kisha akarudi tena kwa hiari yake kuhubiri dini. Ameyaandika mwenyewe. Kwa hiyo mtu wanayemwadhimisha ni mtumwa aliyevushwa bahari.

Pili, hili gwaride tunaloliona halikutoka Ireland. Kule kwao ilikuwa siku ya kwenda kanisani, na mpaka miaka ya 1960 sheria yao ilifunga baa siku hiyo. Gwaride limezaliwa ughaibuni. Mwaka 1762 wanajeshi wa Kiirishi waliokuwa katika jeshi la Mwingereza waliandamana mitaa ya New York, na desturi ikashika mizizi. Hata hicho chakula chao cha siku hiyo, nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabichi, kimebadilika huku. Kwao walikula nyama ya nguruwe. Walipofika New York wakakuta nyama ya ng'ombe ndiyo rahisi, wakainunua kwenye bucha za Wayahudi, na leo wajukuu wao wanaapa ndicho chakula cha mababu. Msicheke. Na sisi pilau tunayopika huku, yenye mchele wa gunia la Kihindi na bizari ya kopo, wajukuu zetu watasema ndiyo ya Tanga.

Tatu, hawa watu walidharauliwa hapa Marekani kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1845 viazi viliingia ugonjwa kule kwao, njaa ikapiga mpaka kama mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja wakafa, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Hata kabla ya njaa hiyo walikuwa wameshaanza kuja kuchimba Mfereji wa Erie, uliojengwa kati ya 1817 na 1825, wenye urefu wa kilomita 584, na uliopita hapa hapa katikati ya Syracuse. Barabara ya Erie ninayopita kila siku kwenda kazini ni ule mfereji uliofukiwa. Magharibi ya hapa kwenye mabwawa ya Montezuma wachimbaji waliugua malaria kwa mamia. Malaria, ndugu zangu! Hii hii yetu. Waliopona wakaingia kwenye viwanda vya chumvi vya mji huu, kazi ya moto na moshi. Ndiyo maboksi ya zama zile.

Na shukrani yao? Waliitwa walevi, wachafu, wanaozaliana kama panya, wanaomtii Papa wa Roma badala ya nchi. Mwaka 1844 makanisa yao yalichomwa moto Philadelphia. Miaka ya 1850 kilianzishwa chama kizima cha siasa chenye ajenda ya kuwazuia wageni, hasa Wakatoliki kama wao, na kikapata wabunge na magavana. Maneno yaliyosemwa juu yao ni yale yale tunayoyasikia leo juu yetu. Wamebadilisha jina la mtu tu, sentensi imebaki.

Walitokaje hapo? Hawakungoja waonewe huruma. Walijiunga. Wakaunda vyama vya kuzikana na kusaidiana, wakajenga makanisa na shule, wakaingia upolisi na zimamoto, wakapiga kura kwa pamoja mpaka wanasiasa wakaanza kuwatafuta wenyewe. Na kila mwaka mwezi Machi wakatoka barabarani ili wahesabiwe. Gwaride halikuwa mchezo, lilikuwa hesabu ya kura inayotembea. Hata hili la Syracuse la sasa halikushuka kutoka mbinguni. Lilianza miaka ya mwanzo ya 1980, na aliyelisimamisha ni mwandishi wa habari wa televisheni, mwanamke aitwaye Nancy Duffy. Mtu mmoja mwenye wazo, na wenzake waliokubali kukaa vikao.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Mimi nilifika Marekani mwaka 2003 kwa ile bahati nasibu ya viza. Najua wengi mnaonisoma mlifika kwa njia hiyo hiyo. Mmewahi kujiuliza ile bahati nasibu ilitoka wapi? Miaka ya 1980 vijana wengi wa Ireland walikuwa wanaishi huku bila makaratasi, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilipendelea wenye ndugu wa karibu, na wao hawakuwa nao tena. Wabunge wenye asili ya Ireland na wenye wapiga kura Wairishi wakapigana bungeni. Mwaka 1990 ikapita sheria mpya. Kwa miaka mitatu ya mpito, 1992 mpaka 1994, zilitolewa viza 40,000 kila mwaka, na asilimia 40 zikatengwa kwa ajili ya Wairishi. Kuanzia mwaka wa fedha 1995 mpango ukawa wa kudumu kwa nchi zenye wahamiaji wachache, na hapo ndipo Waafrika tukajaa kwenye bahasha.

Mnaona? Kadi yangu ya kijani ilitokana na kijani chao. Mlango niliopitia mimi mtoto wa Tanga ulipasuliwa na watu waliokuwa wanawatafutia watoto wao. Nilikuwa nawacheka makofia yao wakati nimeingia nchini kwa jasho la vikao vyao.

Lakini sitawapamba tu, maana si kila walichofanya ni cha kuigwa. Julai 1863 pale New York, makundi ya watu, wengi wao Wairishi waliokasirishwa na kulazimishwa kwenda vitani, yaliwaua watu weusi mitaani na kuchoma moto kituo cha yatima weusi. Waliokuwa wananyanyaswa jana walimtafuta wa chini yao wamnyanyase. Na leo je? Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Papa ana binti yake na wajukuu walioachwa Nyarugusu, faili lao lilikuwa limefika mwisho. Lilisimama hapo. Miezi miwili baadaye tulikuwa barabarani Salina tukiwatazama watu wakishangilia kumbukumbu ya wakimbizi wa njaa, na baadhi yao, nawajua kwa sababu nafanya nao kazi, walikuwa wamefurahia tangazo lile. Mmoja aliwahi kuniambia, "Babu yangu alikuja kihalali." Babu yake alikuja wakati hapakuwa na viza, ilikuwa ni kushuka tu melini! Ningekuwa na ujasiri siku ile ningemwambia. Namwambia leo. Kuvaa kijani bila kukumbuka njaa ni kuvaa nguo tu.

Na sisi je? Hapa ndipo nataka tusutane wenyewe kwa wenyewe, maana nyani haoni kundule. Upande wa Kaskazini wa mji huu, ukiingia duka lolote la vyakula, utasikia Kiswahili. Wapo Wakongo, Warundi, Wabantu wa Somalia walioanza kuletwa miaka ya 2000, Wakenya, na sisi Wabongo wachache. Lakini tunakutana wapi? Hatukutani. Sisi tuliokuja kwa bahati nasibu au shule tunajiona daraja la kwanza. Mimi mwenyewe, namuomba Mungu anisamehe, nilipokuwa naulizwa kazini kama ni mkimbizi nilikuwa najibu haraka, "Hapana, mimi nilikuja na makaratasi yangu." Haraka ile ilikuwa ya nini? Ni ile ile ya yule wa babu halali. Tarehe 9 Desemba tunakodi ukumbi, Wabongo thelathini, nusu hawasemeshani, tunakula, tunapiga picha na bendera, tunafunga mlango na kurudi nyumbani. Mji haujui hata kama tulikuwepo. Halafu tunashangaa msimamizi haijui Idi.

Hoja yangu ni hii. Sikukuu haiombwi, watu hujipa wenyewe. Na siku tunayo. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2022. Ni ile ile Saba Saba, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954 na kukifanya Kiswahili lugha ya kupigania uhuru. Hii si siku ya Mtanzania peke yake, wala ya Mkenya, wala ya dini moja. Papa anaingia, Mrundi anaingia, Mbantu wa Somalia anaingia. Na Julai hakuna theluji, hatutavaa makoti matatu juu ya khanga.

Najua mtakayosema. Wa kwanza atasema sisi si taifa moja, tutagombana. Ndugu yangu, kwenye mifereji ya miaka ya 1830 Wairishi wa Cork na wale wa Longford walipigana mpaka jeshi likaitwa. Leo wote wanatembea nyuma ya bango moja. Wa pili atasema wakati huu ni mbaya, watu wanakamatwa, tukae kimya. Huyu namheshimu, hofu yake ni ya kweli, na asiye na makaratasi asilazimishwe kusimama barabarani. Lakini sisi wenye pasi za Marekani tunaogopa nini? Sisi ndio tunapaswa kusimama mbele ili wale wa nyuma wafichike. Wa tatu atasema hana muda, ana zamu mbili. Hata wachimba chumvi walikuwa na zamu.

Tusianze na gwaride. Tuanze na bustani moja, sufuria tano za pilau, sombe ya Mama wa Kikongo, ngoma mbili, watoto wapewe shairi wasome, na karatasi mlangoni ya kuandika majina na simu. Tumwalike diwani wa mtaa, aje ahesabu vichwa. Mwaka wa pili tutaomba kibali cha kufunga barabara. Na tusitie bia rangi, tafadhali.

Nimeshaongea na Papa. Alinisikiliza, akakaa kimya kama kawaida yake, kisha akaniambia mke wake atapika sombe, lakini mchele ni juu ya Watanzania. Binti yangu, yule aliyefinywa, sasa yuko sekondari. Alipotusikia tunapanga aliuliza asiyekuja tutamfinya? Nikamwambia hapana mwanangu, sisi tutampigia simu mara tatu, hiyo inauma zaidi.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa Syracuse, Rochester, Utica au Buffalo, umeshapigiwa simu ya kwanza. Naomba kutoa hoja.

Wasalaam, tuonane panapo majaaliwa.